SITI BINTI SAAD: MWIMBAJI ALIYESIFIWA NA WANYONGE KABLA YA WAKUBWA

Katika ukurasa huu wa maisha ya watu mashuhuri, safari hii tumemchagua mwimbaji. Ni mwanamke wa Unguja aitwaye Siti binti Saad, aliyefariki mwaka 1950. Babu zetu wengi walikwenda Tanga na Morogoro kufanya kazi katika mashamba ya mkonge, na huko pwani sauti ya mwanamke huyu ilikuwa ikisikika kwenye santuri.

Huenda mtu akauliza gazeti la parishi lina haja gani na habari za mwimbaji wa taarabu, tena Mwislamu. Tunajibu kwamba sisi ni watu wa kwaya. Kila Jumapili tunasikia sauti nzuri na sauti mbaya, na tukitoka nje tunawasifu wengine na kuwasema wengine. Basi yafaa tujifunze jinsi watu walivyomsifu mwimbaji mmoja mkubwa na jinsi walivyomsema, na tuone yeye alifanya nini na sifa zile na masengenyo yale.

KUZALIWA KWAKE

Siti alizaliwa yapata mwaka 1880 huko Fumba, kijiji cha pwani kusini ya mji wa Unguja. Baba yake, Saad, alikuwa na asili ya Unyamwezi, na mama yake alikuwa na asili ya Uzigua. Walikuwa watu maskini wa ukoo wa watumwa. Mtoto wao walimwita Mtumwa, na jina hilo peke yake lilitosha kumwambia kila aliyelisikia kwamba binti huyu ni wa tabaka gani.

Sisi Waanglikana tunazo sababu za kuzijua habari za utumwa wa Unguja. Soko kubwa la watumwa lilifungwa mwaka 1873, na mwaka huohuo jiwe la msingi la Kanisa Kuu la Kristo, Mkunazini, liliwekwa mahali pale pale palipokuwa na soko. Kwa hiyo Siti alipozaliwa soko lilikuwa limekwisha fungwa, lakini utumwa wenyewe ulikuwa haujakwisha. Sheria ya Unguja iliendelea kuutambua hata mwaka 1897. Na hata baada ya sheria kubadilika, mawazo ya watu hayakubadilika upesi. Mtu aliweza kuwa huru mbele ya hakimu, na bado akaitwa mtumwa kisimani, sokoni na arusini.

Binti Mtumwa hakusoma shule. Alijifunza kazi ya mama yake, kufinyanga vyungu, akavitia kichwani na kwenda kuviuza mjini. Yasimuliwa kwamba alipokuwa akivitembeza alivinadi kwa kuimba, na watu waliijua sauti yake kutoka mbali kabla hawajamwona. Wako walionunua chungu, na wako waliotoka mlangoni ili kusikia tu. Hawa ndio watu wa kwanza kumsifu. Hawakuandika popote, wala hawakujua kwamba sauti ile siku moja ingevuka bahari.

KUINGIA MJINI

Mwaka 1911 alihamia mjini. Huko alikutana na Muhsin Ali, mwanamuziki aliyekuwa mmoja wa watu wa chama cha Ikhwani Safaa. Chama hicho kiliundwa mwaka 1905 na vijana wa mjini waliopenda taarabu, nacho kinaheshimiwa kuwa miongoni mwa vyama vya kale kabisa vya muziki katika Afrika Mashariki. Muhsin Ali aliisikia sauti ya binti huyu wa shamba, akatambua kwamba ni sauti ya pekee, akaanza kumfundisha kufuatana na udi, kushika mahadhi, na kutamka Kiarabu kama ipasavyo.

Hapa inatupasa tueleze kidogo habari za taarabu yenyewe. Sultani Barghash, aliyetawala tangu 1870 hata 1888, ndiye aliyeuleta muziki huu kutoka Misri ili wageni wake waburudike katika jumba lake. Kwa miaka mingi taarabu ilikuwa burudani ya wakubwa. Waliopiga na kuimba walikuwa wanaume, na maneno yalikuwa ya Kiarabu. Watu wengi wa mji walisikia sauti nzuri kwa mbali bila ya kujua inasema nini.

Basi fikirini, ndugu wasomaji, jambo hili lilivyokuwa gumu. Mwanamke wa asili ya utumwa, asiyejua kusoma, mfinyanzi wa vyungu, anaingia katika muziki wa wanaume na wa mabwana. Lakini aliweza. Alishika nyimbo ndefu za Kiarabu kwa moyo, na baadaye nyimbo za Kihindi pia. Alikusanyika na wapigaji hodari, nao ni Subeti Ambar, Mbaruk Talsam, Buda Swedi na Mwalimu Shaban, wakawa kundi moja. Watu wenye mali wakaanza kumwita kwenye arusi na sherehe zao, na hata mbele ya Sultani aliimba. Ndipo akapewa jina la Siti, maana yake bibi wa heshima. Jina la Mtumwa likaachwa.

Alipoimba mbele za watu alifunika uso wake. Wengine wamesema alifanya hivyo kwa heshima, na wengine wamesema uso wake ulikuwa na makovu ya ndui. Vyovyote ilivyokuwa, waliomwalika hawakumwalika ili wamtazame. Sauti peke yake ndiyo iliyowaleta.

SIFA ZA NG'AMBO

Katika nchi za Ulaya kuna opera, yaani mchezo wa kuigiza ambao maneno yake huimbwa. Mwanamke mwenye sauti ya juu, ile tunayoiita soprano katika kwaya zetu, akiimba vizuri usiku, basi asubuhi sifa zake husomwa katika magazeti. Wako waandishi ambao kazi yao ni hiyo tu, kwenda kusikiliza na kupima. Jenny Lind wa Sweden, aliyeishi tangu 1820 hata 1887, alisifiwa namna hiyo mpaka akafananishwa na ndege mwimbaji. Alipofika New York mwaka 1850, maelfu ya watu walijazana bandarini kumlaki, na wengi wao walikuwa hawajapata kumsikia. Walikuwa wamezisoma sifa zake tu.

Sifa za Siti zilipita njia nyingine. Yeye alikaa Ng'ambo, upande wa mji waliokaa maskini, watumwa walioachwa huru na watoto wao, wachukuzi, wachuuzi, mafundi na watumishi wa majumbani. Nyumbani kwake kundi lilikuwa likifanya mazoezi usiku, na majirani walikuja kukaa na kusikiliza. Hawakulipa kiingilio. Waliokuwa wameona jambo mchana walilisimulia, kwamba fulani amedhulumiwa, fulani amehukumiwa, fulani amemtoroka mkewe. Katika mazungumzo hayo nyimbo zilitungwa. Halafu ziliimbwa kwa Kiswahili, lugha ambayo kila aliyekaa pale aliielewa.

Hawa ndio waliokuwa wapimaji wake, nao walikuwa wakali kuliko mwandishi wa gazeti. Kwa maana ukimwimbia mtu habari ya mtaa wake, yeye ajua kama umesema kweli. Ukikosea neno, atakusahihisha. Ukimpendelea tajiri, atanyamaza na kesho hatakuja. Watu wa Ng'ambo waliendelea kuja.

Wimbo mmoja uliopata kujulikana sana ni ule wa Kijiti. Ulisimulia jambo lililotukia Unguja katika miaka ya 1920. Mwanamke mgeni kutoka Dar es Salaam, naye mja mzito, alitoka kwenda ngomani, akadhulumiwa na kuuawa na mtu aitwaye Kijiti. Mtu huyo akatoroka akavuka kwenda bara. Wanawake wawili waliokuwa pamoja na marehemu walikwenda mbele ya sheria kutoa ushahidi, na mwisho wake wao ndio waliotiwa hatiani kwa sababu ya ulevi uliokuwapo siku ile. Muuaji alikuwa huru na mashahidi walikuwa kifungoni. Siti aliliimba jambo hilo wazi. Wimbo mwingine ulimhusu mtu wa kazi ya kalamu aliyewaibia wasiojua kusoma, mpaka akakamatwa na kufungwa. Watu waliucheka kwa furaha, maana ni mara chache maskini kuona mwizi wa namna hiyo akilipwa stahili yake.

Twaona basi kwamba Siti alisifiwa kwa sauti, na alisifiwa pia kwa ujasiri. Ni vigumu kuvitenga vitu hivyo viwili. Sauti ile ile iliyowafurahisha mabwana kwa Kiarabu iliwasemea wanyonge kwa Kiswahili, na mabwana hawakuacha kumwita.

SAFARI YA BOMBAY

Mwezi wa Machi 1928 Siti na wenzake walipanda meli kwenda Bombay, India, kwa mwaliko wa kampuni ya santuri iliyojulikana kwa alama yake ya His Master's Voice. Huko walirekodiwa. Kwa hiyo Siti anahesabiwa kuwa mwanamke wa kwanza wa Afrika Mashariki kutiwa katika sahani za santuri.

Wafanyabiashara hawakuwa na hakika kama Waswahili watanunua, kwa kuwa santuri ilikuwa kitu ghali. Lakini zile sahani ziliuzwa kuliko walivyotazamia. Inahesabiwa kwamba kufika mwaka 1931 zilikuwa zimeuzwa zaidi ya 70,000, na makampuni mengine yakaja mbio kutafuta waimbaji wa Kiswahili. Aliyekuwa hana mashine alikwenda kusikia mkahawani, maana mwenye mkahawa alijua kwamba santuri ya Siti huleta wateja. Hivyo mtu aliyekuwa hajapata kufika Unguja aliweza kukaa na kikombe chake cha kahawa, Mombasa au Tanga au Dar es Salaam, na kumsikia.

Yafaa tukumbuke jambo jingine la mwaka huohuo wa 1928. Wajumbe wa serikali za Afrika Mashariki walikutana Mombasa, wakakubaliana kwamba Kiswahili cha Unguja ndicho kiwe msingi wa Kiswahili cha vitabu na shule. Wajumbe walikichagua mezani, na santuri za Siti zilikipeleka masikioni mwa watu. Hatusemi kwamba yeye ndiye aliyeieneza lugha peke yake, la. Lakini aliyezisikia nyimbo zake alisikia Kiunguja kilichotamkwa vizuri na kupendeza, kutoka kwa mtu ambaye hakupata kukaa darasani hata siku moja.

MASENGENYO

Sifa zilipozidi, wivu nao ulizidi. Walikuwako waimbaji walioshindana naye, na watu waliochukia kumwona binti wa mtumwa akisafiri kwa meli na kuketi na wakubwa. Sauti yake hawakuweza kuitia dosari, basi wakashika asili yake na sura yake. Wakatunga wimbo wa kumsimanga. Walimkumbusha kwamba alitoka shamba na nguo ya kaniki, vazi la watumwa, wakadai kwamba pasipo ile sauti yeye asingekuwa na cha kula.

Tuseme kweli, masimango ya namna hii hayako Unguja tu. Hata kwetu kwenye baridi na mashamba ya chai twayajua. Mtoto akiimba vizuri kanisani, yuko atakayenong'ona kwamba mama yake ni kibarua, au kwamba hajulikani baba yake, au kwamba ukoo wao walikuja juzi tu. Sauti imesikika, lakini badala ya kuisikiliza tunakwenda kutafuta mlango wa nyumba ilikotoka.

Siti alijibu kwa kazi yake. Naye alitoa wimbo, na maana yake ilikuwa kwamba sura nzuri na ukoo mkubwa si mambo ya kubishania, na kwamba aliyepata hasara ni yule aliyekosa akili. Hakukana kwamba alitoka Fumba, wala hakujitungia ukoo mwingine wa Uarabuni, kama walivyofanya wengi siku zile ili wapate heshima. Aliacha asili yake iwe ile ile, akabadilisha mizani. Na wimbo ule wa majibu umeishi kuliko wale waliomsimanga.

MIAKA YA MWISHO

Siti aliendelea kuimba hata uzee ulipomfikia. Kabla hajafariki alionana na Shaaban Robert, mshairi mkuu wa Kiswahili, ambaye alizaliwa 1909 na kufariki 1962. Shaaban Robert aliona kwamba maisha ya mfinyanzi huyu yanastahili kitabu, akaandika Wasifu wa Siti binti Saad. Kitabu hicho kimesomwa shuleni na watu wengi, na pengine baadhi yenu mnakikumbuka. Siku zile vitabu vya maisha viliandikwa juu ya wafalme, maaskofu na magavana. Kwa mshairi kama yule kutumia kalamu yake kwa mwanamke asiyejua kusoma, hiyo ilikuwa sifa kubwa kuliko zote alizopewa na waandishi. Lakini tuangalie kwamba sifa hiyo ilikuja mwisho. Wanunuzi wa vyungu, majirani wa Ng'ambo na wanywaji kahawa walikuwa wametangulia kwa miaka mingi.

Alifariki tarehe 8 Julai 1950.

Sauti yake haikuzikwa pamoja naye. Fatuma binti Baraka, ambaye dunia nzima ilimjua kwa jina la Bi Kidude, alikuwa msichana alipokuwa akimsikiliza Siti, akazishika nyimbo zake na kuziimba mpaka uzeeni sana. Bi Kidude alifariki mwezi wa Aprili 2013, baada ya kuimba katika nchi nyingi za Ulaya na kwingineko. Tena, wanawake waandishi wa habari wa Tanzania walipounda chama chao, TAMWA, mwaka 1987, na mwaka uliofuata wakaanzisha gazeti lao, waliliita Sauti ya Siti. Walikuwa wakitafuta jina la mwanamke aliyesema mambo ya wanawake hadharani bila ya kuogopa, wakaliona hilo.

TUNALOJIFUNZA

Tukitazama maisha haya yote, twaona watu wa namna tatu waliomsikia Siti. Wa kwanza walisikia sauti, wakauliza ni binti wa nani, na walipojua wakapunguza sifa. Wa pili walimsifu baada ya kuona kwamba wakubwa wamemsifu, na kwamba amekwenda Bombay na kurudi. Wa tatu walimsifu alipokuwa bado na vyungu kichwani, kwa kuwa masikio yao yalikuwa wazi. Wa namna ya tatu walikuwa watu wadogo, na majina yao hayakuandikwa popote. Lakini hukumu yao ndiyo iliyothibitika kuwa ya haki.

Sisi wa parishi hii hatuna waandishi wa kupima waimbaji wetu, kama walivyo nao watu wa opera. Tunao watu waliokaa kwenye mabenchi. Walimu wa kwaya wanajua kwamba neno moja linaloambiwa msichana mlangoni mwa kanisa laweza kumrudisha mazoezini wiki ijayo, au kumfanya asirudi tena. Muhsin Ali angaliweza kumcheka mwuza vyungu, na Unguja ingalipoteza sauti yake kubwa bila hata kujua kwamba imepoteza kitu.

Kwa hiyo tunawaomba, ndugu zetu, mnapomsikia mtu ameimba vizuri, mwambieni kilichokuwa kizuri. Mwambieni kwamba maneno yalisikika wazi, au kwamba sauti haikutetemeka pale juu, au kwamba alishika wimbo wote kwa moyo. Ikiwa kuna kosa, mwambieni kosa lenyewe ili alitengeneze, kama watu wa Ng'ambo walivyofanya. Habari za ukoo wake, nguo zake na nyumba yao ziacheni. Hizo hazimo katika wimbo.

Tutaonana katika toleo lijalo, Mungu akipenda.